Baiskeli ya umeme: ndoo ya maji au mfuko wa simenti?

Jirani yangu hapa Mabatini, Mwanza, hununua sato na sangara soko la Mwaloni, Kirumba, akawapelekea mama lishe wa Igoma. Kreti yake ya samaki imekaa kwenye keria ya baiskeli miaka mingi. Wiki iliyopita alinisimamisha njiani, nikamwamkia, akanionyesha karatasi aliyoandikiwa dukani. Ilikuwa na mistari mitatu, yote ya "baiskeli ya umeme": wati 250, wati 500, wati 1000. Bei hazikupishana sana.

"Mwalimu, mimi nachukua hii ya elfu moja," akaniambia. "Mlima wa kwetu si unaujua?"

"Ina kilo ngapi, mzee?"

Hakujua. Karatasi haikusema, na dukani hakuna aliyeuliza. Nafundisha fizikia sekondari na huu ni mwaka wa nne naendesha baiskeli ya umeme. Kila nikisikia watu wakizilinganisha, swali la kilo ndilo linalosahaulika, wakati kwa mtu anayelala juu ya miamba ya Mwanza lingetakiwa kutangulia mengine yote.

Jina moja, vyombo vitatu

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Mitaani tunaita "baiskeli ya umeme" vyombo vitatu visivyofanana.

Cha kwanza ni baiskeli kwelikweli. Ina pedeli, cheni na gia, na imeongezewa mota ndogo inayokusaidia unapokanyaga. Betri ikiisha unaendelea kukanyaga mpaka nyumbani, kwa jasho zaidi kidogo. Zile nyepesi kabisa hazifiki kilo 20. Nyingi zinazouzwa duniani ziko kati ya kilo 20 na 28.

Cha pili ni skuta iliyotiwa pedeli. Kwa macho ni baiskeli, lakini zima umeme ujaribu kuikanyaga mita hamsini tu, utaelewa. Nyingi zinabeba betri za risasi, za ukoo mmoja na betri ya gari, na uzito wa chombo kizima unafika kilo 45 hadi 60.

Cha tatu ni pikipiki ya umeme, na hiyo tuiache, maana mnunuzi wake anajua anatafuta pikipiki.

Sasa chukua vipimo tunavyovijua. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Mtu yeyote aliyekulia Mabatini, Igogo au Isamilo amepandisha vyote viwili kwenye ngazi za mawe, kwa sababu barabara inaishia chini na nyumba iko juu. Baiskeli nyepesi ni ile ndoo: unaitia begani, unapumzika mara moja, unafika. Skuta ya pedeli ni ule mfuko wa simenti, tena wenye magurudumu yanayokwama kwenye kila jiwe. Usipoweza kuipandisha utailaza bondeni, na ukiilaza bondeni utakesha unaifikiria. Yule mzee ana umri wa kustaafu. Kwake hesabu ya kilo ingeamua kama chombo kitatumika mwaka mzima au kitauzwa kabla ya masika.

Soma betri kama unavyosoma LUKU

Maneno ya kiufundi yanatisha kwa sababu yanatajwa yote kwa mkupuo. Tuanze na lile ambalo tayari tunalilipia: uniti ya umeme wa LUKU. Uniti moja ni wati-saa 1000, yaani pasi ya wati 1000 ikiwaka kwa saa nzima. Wati ni kasi ya kula umeme, na wati-saa ni kiasi kilicholiwa. Basi.

Betri ya baiskeli nayo ina akiba yake ya wati-saa, ila watengenezaji wengi hawaiandiki moja kwa moja. Wanaandika volti na ampea-saa. Zidisha. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ya volti 48 na ampea-saa 13 ina 624. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kulinganisha betri na betri, kwa sababu muuzaji akikuambia "hii ni ya volti 48" bila kutaja ampea-saa, amekutajia urefu wa tenki la maji bila upana wake.

Na ile hofu kwamba chombo hiki kitamaliza LUKU ya nyumba? Betri ya wati-saa 360 iliyoisha kabisa, ukihesabu na umeme unaopotea kama joto kwenye chaji, inakula kama uniti 0.4. Kwa mteja wa kawaida anayelipa takriban shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 140 hivi. Pasi ya shati na suruali za watoto wa shule inakula kiasi hicho.

Itakufikisha wapi? Ukikanyaga na kuiacha mota isaidie tu, baiskeli nyepesi hula wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita moja. Tuseme 10 kwa njia zetu. Betri ya 360 inakupa kilomita 36 kwenye karatasi, na mimi hujihesabia 30. Kutoka mjini hadi Igoma na kurudi ni kama kilomita 20, kwa hiyo inatosha na kubaki. Ukikaa tu na kuvuta akseleta bila kukanyaga, matumizi yanapanda hadi 15 au 20 kwa kilomita, na betri ileile inakuacha mapema. Wengi wanaolalamika kwamba "betri ni feki" wanaendesha hivyo. Wengine, kweli, wameuziwa feki, na nitafika huko.

Wati elfu moja zinafanya nini mlimani?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Namba ya wati iliyochorwa kwenye mota haina maana moja duniani kote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli yenye mota inahesabiwa kuwa baiskeli ikiwa mota haizidi wati 250 za kufanya kazi mfululizo na msaada unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa hiyo viwanda vinachora 250 kwenye mota ambayo kwa dakika chache za mlima inaweza kuvuta zaidi ya wati 500. Kwingineko mtengenezaji huchora namba ya juu kabisa ambayo mota inaigusa kabla ya kuanza kuungua. Ukilinganisha 250 ya namna ya kwanza na 1000 ya namna ya pili, umelinganisha mshahara wa mwezi na mauzo ya siku ya sikukuu.

Kinachotawala umeme unaofika kwenye mota ni kontrola, kile kiboksi ambacho waya zote zinaingia. Ubavuni kimeandikwa ampea zake. Zidisha kwa volti za betri: ampea 15 mara volti 36 ni wati 540. Hiyo ndiyo nguvu inayochotwa kwenye betri, na kama robo yake inapotea kuwa joto kabla ya kufika barabarani.

Tuipeleke mlimani. Chukua mwendeshaji wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 25, jumla 100. Mpandishe mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100, kwa kilomita 12 kwa saa. Kinachohitajika ni kama wati 300. Mtu mwenye afya aliyezoea baiskeli hutoa wati 100 bila kujiumiza. Mota inadaiwa 200 tu, na ile ndogo ya 250 inaziweza. Mwongezee kreti ya samaki ya kilo 40: jumla inafika wati 410 hivi, mota inadaiwa 310, bado inaziweza mradi mlima usiwe mrefu kupita kiasi. Sasa mbadilishie baiskeli ya kilo 25 umpe skuta ya kilo 55. Hizo kilo 30 za ziada zinataka kama wati 85 zaidi, na zinazitaka kila mlima, kila siku, hata akiwa hana samaki. Sehemu ya mota kubwa inatumika kujibeba yenyewe na betri zake.

Kuna jambo jingine ambalo namba ya wati inalificha kabisa: mota inakaa wapi. Mota iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu inazunguka pamoja na gurudumu. Ukienda polepole, nayo inazunguka polepole, na mota ya umeme inayolazimishwa kuvuta sana huku ikizunguka polepole inageuza umeme mwingi kuwa joto. Ndiyo maana skuta ya "wati elfu moja" inaweza kunguruma, ikapata moto na kusimama katikati ya mlima wa Bugando, huku kijana wa baiskeli ya gia akiipita.

Mota za kitovu nazo ziko mbili. Kuna zisizo na gia ndani, nzito, imara, tulivu. Na kuna zenye gia ndogo ndani zinazoiruhusu mota kuzunguka haraka wakati gurudumu linakwenda taratibu. Hizi zina kilo 2 hadi 3 hivi, na kwa baiskeli nyepesi ya milima yetu ndizo ninazozipendelea kwa bei yake. Halafu iko mota ya kati, inayofungwa penye pedeli na kuvuta kupitia cheni. Hiyo inatumia gia zako mwenyewe, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi mota nayo inapumua. Inapanda vizuri kuliko zote. Gharama yake ni cheni na meno ya gia, ambavyo vinalika upesi, na fundi wake haumpati kila kona.

Kasi nayo ina hesabu yake. Kwenye tambarare ya kwenda uwanja wa ndege, kilomita 20 kwa saa zinataka kama wati 100. Kilomita 40 kwa saa zinataka zaidi ya 500. Umeongeza kasi mara mbili, nguvu imeongezeka mara tano, kwa sababu upepo unakugomea zaidi kadiri unavyoharakisha. Anayekuahidi kilomita 60 kwa saa kwenye baiskeli yenye breki za baiskeli hakutakii mema.

Kuboresha uliyonayo

Wengi hatununui mpya. Tuna baiskeli ya mtumba kutoka Japani, au Phoenix ya mzee, na tunataka kuifunga mota. Inawezekana, na mara nyingi ndiyo njia nzuri kuliko kununua skuta. Ila mpangilio wa kazi una maana, na watu wengi huuanzia mkiani.

Anza na breki. Phoenix ya zamani ina ringi za chuma na breki za fito. Ringi ya chuma ikilowa, breki inakuwa kama imepakwa sabuni, na mvua za Machi hadi Mei hapa hazibishi hodi. Ukiongeza mota kabla ya kubadilisha ringi na breki, umeongeza kasi kwenye chombo kisichosimama. Ringi za aluminiamu zenye breki nzuri za mpira zinatosha kwa mwendo wa kilomita 25. Za diski ni bora zaidi ukibeba mizigo.

Kisha matairi. Upepo uliopungua unakula betri kimyakimya, na tairi pana kidogo lililojaa sawasawa linaokoa ringi na spoku. Nimeona watu wakitaka betri ya pili wakati walihitaji pampu.

Kisha gia. Kuongeza meno mawili matatu kwenye gia ya nyuma kunakupa mlima mwepesi zaidi bila wati hata moja.

Mota inakuja baada ya hapo. Pima kwanza upana wa fremu nyuma, pale ekseli inapokaa: mota nyingi za nyuma zinataka milimita 135, na baiskeli za zamani za gia moja ni nyembamba kuliko hivyo. Fremu ya chuma fundi anaweza kuitanua taratibu. Ya aluminiamu usiiguse, itapasuka. Mota ya mbele ni rahisi kufunga, lakini foki iwe ya chuma. Tena usisahau mkono wa kuzuia ekseli, kile kibati kinachoishika ekseli na kufungwa kwenye foki. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yenyewe inataka kuzunguka nyuma, kama keekee inavyotaka kukupindua mkono ncha yake inapokwama. Mimi wa kwanza sikuweka. Kwenye mlima, ekseli ikazunguka ndani ya foki, ikasokota waya zote zinazotoka katikati yake na kuzikata. Nashukuru nilikuwa napanda, kwa kuwa ingekuwa kwenye mteremko gurudumu lingetoka.

Betri ndiyo ya mwisho kufikiriwa na ya kwanza kuchunguzwa. Kuna fundi atakayekuambia ubadilishe ya volti 36 uweke ya 48 ili "ichanganye". Ni kweli mota itazunguka haraka zaidi kwa theluthi moja. Lakini kontrola iliyotengenezwa kwa 36 ina vipande ndani visivyovumilia, kwa sababu betri ya 48 ikijaa inasoma volti 54.6. Kontrola ikifa njiani, bahati yako ni kwamba ilikufa tu. Ukitaka kupandisha volti, badilisha kontrola na chaji pamoja, au acha.

Chaji ina sheria isiyo na huruma: namba iliyoandikwa kwenye chaji lazima ilingane na betri ikiwa imejaa. Betri ya kawaida ya lithiamu ya volti 36 inajaa kwenye 42. Ya 48 inajaa kwenye 54.6. Ile ya lithiamu yenye chuma na fosfeti ya volti 48 inajaa kwenye 58.4 mara nyingi. Plagi zinaweza kufanana kabisa. Kuichaji betri ya 54.6 kwa chaji ya 58.4 ni kuitafutia moto, nao moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi ndani ya chumba kimoja chenye mlango mmoja. Usichaji mlangoni usiku mkiwa mmelala. Usichaji betri iliyotoka juani na bado ya moto. Iliyovimba, inayotoa harufu tamu ya ajabu au iliyozama majini, itoe nje ya nyumba.

Betri za bei ya chini sana nyingi zimeshonwa kwa seli zilizochakaa kutoka kompyuta mpakato. Zinajulikana hivi: ichaji ijae, panda mlima mmoja. Kama alama zinashuka kutoka kujaa hadi nusu ukiwa mlimani, kisha zinapanda tena ukifika tambarare, seli zimechoka. Hata kama muuzaji ni rafiki, usichukue.

Na kati ya risasi na lithiamu? Betri nne za risasi za volti 12 na ampea-saa 12 zina karibu kilo 16. Ya lithiamu yenye akiba hiyohiyo ni kilo 3 na nusu hivi, na unaichomoa ukapanda nayo ngazi mkononi kama kifuko cha mchele. Ya risasi ikivutwa kwa nguvu haikupi wati-saa zote zilizoandikwa, na ukiimaliza kila siku huanza kuchoka baada ya mara 300 hivi. Ya lithiamu nzuri inavuka 500, nyingine 1000. Bei ya kununua inadanganya. Gawanya bei kwa idadi ya mara itakazochajiwa ndipo uamue.

Yanayosemwa vijiweni

Kwamba inajichaji yenyewe ukiteremka: baiskeli nyepesi nyingi hazifanyi hivyo, kwa sababu mota yenye gia ina kifaa kinachoiachia gurudumu lizunguke peke yake. Mota isiyo na gia inaweza, kontrola ikiruhusu, na kwa kawaida inarudisha chini ya sehemu moja ya kumi.

Kwamba lazima betri iishe kabisa kabla ya kuchaji: hiyo ilikuwa ya betri za zamani. Lithiamu inapenda kinyume chake. Ichaji ikiwa imebaki theluthi, na kama huna safari ndefu iishie kwenye asilimia 80, itakutumikia miaka zaidi.

Kwamba mvua itakupiga shoti: hapana. Rasharasha na mvua ya kawaida inavumiliwa, mradi waya zimeelekea chini kabla ya kuingia kwenye kontrola ili maji yadondoke. Kinachoiua ni kuzama, kwa hiyo Mto Mirongo ukifurika usijaribu kuvuka nayo. Na kwenye kuoshea magari, mkataze kijana asielekeze ile mashine ya presha kwenye kitovu.

Nilimweleza mzee haya yote tukiwa tumekaa juu ya jiwe mbele ya nyumba yake, nikichora kwa kijiti. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kuhusu breki mara mbili. Jumamosi alirudi dukani na ile mizani yake ya kuning'iniza, ya kupimia sangara, akamwomba kijana wa duka amshikie. Ya wati 1000 ilisoma kilo 54. Ya wati 250 ilisoma 22 na betri yake ndani. Akazidisha volti na ampea-saa kwenye kiganja kwa kalamu, akageuza chaji kusoma namba, kisha akamwambia kijana ashushe ile ndogo waipeleke nje, aone kama anaweza kuibeba begani.